Mbavu za Mbuzi Mtaani Taa Tatu

Theuri alikuwa amelala chali kando ya jiko lake la kuchomea nyama, macho wazi, viganja vyote viwili vyeupe kwa rangi ya ukuta. Kisogo chake kilikuwa kimepasukia kwenye ukingo wa saruji wa jiko. Makaa yalikuwa bado mekundu. Juu ya wavu hapakuwa na kitu.

Inspekta Nyawira alichuchumaa, akatazama kwa muda, akainuka. Ilikuwa Jumatano, saa saba na dakika arobaini mchana, na nusu ya mtaa ilikuwa imejazana mlangoni.

"Ondoa watu," alimwambia Koplo Munene.

"Nimejaribu, Afande. Wanasema hapa ni kwao."

Hawakusema uongo. Taa Tatu ni mtaa mfupi sana wa Nyeri, ukipiga chafya mara mbili umeshaumaliza, lakini hakuna mtu wa umri fulani mjini humo asiye na kisa chake pale. Taa tatu za barabarani ndizo zilizoupa jina, na jina likabaki hata baada ya mbili kufa. Zamani mtu aliingia Jumamosi mchana, akaanza na supu kwa Mama Phyllis, akapita kwa wachoma mutura, ile soseji ya utumbo na damu, kisha akamalizia baa ya Theuri, enzi hizo ikiwa ya marehemu baba yake. Bendi zilipiga hapo mpaka soli za viatu zikaachia. Watu walitoka Karatina, Othaya na hata Nanyuki kuja kucheza. Wazazi wa Nyawira walijuana katika ua ule ule alimokuwa amesimama sasa, na mama yake hakuchoka kusimulia jinsi mwanaume mmoja mwenye suruali pana alivyomkanyaga vidole akasahau kuomba radhi.

Siku hizi mtaa una maduka ya simu, vibanda vya kubeti na kuku wa kukaangwa. Nyawira aliuonea uchungu kila alipopita, na hakuona haya kusema hivyo.

Ukuta mrefu wa ua ulikuwa na picha iliyochorwa miaka arobaini iliyopita, wanaume wanne wenye magitaa na mwanamke mmoja wa gauni la kijani akiimba. Nyawira alikua akiiona. Leo nusu yake ilikuwa nyeupe. Ndoo ya rangi ilikuwa chini, brashi imelala kando yake. Rangi ilikuwa imemfikia mwimbaji shingoni. Uso haukuwepo tena, limebaki gauni na viatu.

"Alikuwa anapaka mwenyewe?" Nyawira aliuliza.

"Ndiyo, Afande. Alikuwa anataka kugeuza hii kuwa mkahawa wa kisasa. Kuku na chipsi."

Wa kwanza kuuona mwili alikuwa Mwalimu Wambugu, mstaafu mwembamba ambaye amefundisha nusu ya mji kujumlisha. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kikapu cha kiondo mapajani, amekikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Mwalimu, ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuwa nimeagiza mbavu za mbuzi. Kilo mbili. Nilimpigia Theuri saa tano, akasema anaweka kwa moto saa hiyo. Nikaja saa saba, nikamkuta hivi."

"Uligusa kitu?"

"Mwili sikugusa. Haki ya Mungu."

Simu ya Theuri ilitoa saa ya kifo bila taabu. Alikuwa akizungumza na fundi wa vigae. Fundi alieleza kwamba alisikia sauti za ugomvi, maneno hakuyashika, kisha simu ikaanguka. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano.

Ng'ambo ya barabara, Mama Phyllis alikuwa amesimama mlangoni pa hoteli yake, mikono kwenye aproni. Alikuwa na miaka sabini na mbili na macho ya mtu wa arobaini.

"Nilisikia Awil akigombana na yeye," alisema. "Yule Msomali wa Nanyuki, wa mbuzi. Halafu nikaona pikapu yake ikitoka na mbio. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, hiyo ya saa tano na nusu."

"Kulikuwa na mtu mwingine ndani?"

"Sikuona. Hata Muchiri hakuwa. Theuri alimwambia leo akae nyumbani, apumzike."

Muchiri alikuwa mchoma nyama wa pale kwa miaka thelathini na minane. Nyawira alimpigia simu. Mzee alijibu kwa sauti ya chini kwamba alishinda nyumbani kwake Skuta, hakutoka hata mlangoni, na kwamba habari hizo zimemvunja moyo.

Alhamisi asubuhi, Awil alikamatwa Nanyuki. Shati lake la kahawia lilikuwa na damu kwenye mkono wa kulia.

"Uligombana na Theuri?" Nyawira alimuuliza katika chumba cha mahojiano.

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Aliniambia nisilete mbuzi tena. Miaka ishirini na moja namletea mbuzi, anamaliza na maneno mbili, tena akiwa ameshika brashi. Hata hakuniangalia."

"Ukamsukuma."

"Nilimtukana. Nikaingia gari, nikaenda."

"Na hii damu?"

"Ya mbuzi. Mimi nachinja alfajiri kichinjioni, kila siku. Uliza mtu yeyote."

"Mpaka maabara ya serikali iseme hivyo, ni damu tu."

"Watasema lini?"

"Baada ya wiki kadhaa."

Awil alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Aliweka mikono yake juu ya meza na kuitazama.

"Madam, kesho baada ya swala ya Ijumaa ni nikaha ya msichana wangu, Nimo. Mimi ndio baba. Mimi ndio namtoa. Nikikosa, kaka yangu atasimama pahali yangu, na watu watasema alitolewa na mwingine kwa sababu babake ameua mtu. Hiyo maneno haitoki. Atazaa watoto, na bado itakuwa inasemwa."

Nyawira alitoka. Mkubwa wake alikuwa akimngoja nje na faili.

"Kesho saa tatu anapelekwa kortini," mkubwa alisema. "Tunaomba wiki mbili za kumzuilia. Ugomvi upo, shahidi yupo, damu ipo. Unataka nini kingine?"

"Nataka mpaka kesho asubuhi, mkubwa."

"Unao. Lakini saa tatu haitasogea."

Nyawira hakuchukua gari. Alitembea hadi Taa Tatu. Kuna kesi zinazotatuliwa ofisini, na kuna zile zinazotaka mtu akanyage matope ya mahali penyewe. Alipita pale lilipokuwa duka la kuuza santuri. Akapita kibanda cha mshona suruali aliyewavalisha wacheza dansi wote wa wilaya, sasa kinyozi. Moshi wa mutura ulimfikia puani, akakumbuka kwamba hajala tangu jana. Huzuni ikiambatana na njaa ni mbaya zaidi, kwa hiyo aliingia kwa Mama Phyllis akaagiza supu na chapati.

Mwalimu Wambugu alikuwa kwenye meza ya pembeni, naye akinywa supu. Alipomwona Nyawira, aliinamia bakuli.

"Mama, ule mchoro," Nyawira alianza. "Mwimbaji wa gauni la kijani. Mama yangu alikuwa akimtaja lakini jina limenitoka."

"Wacera," Mama Phyllis alisema, na uso wake ukalainika. "Ai, huyo msichana! Akiimba hapo kwa Theuri mkubwa, mimi nilikuwa nazima jiko niende nisikie. Supu ilipoa mara ngapi. Alikuwa bibi ya Muchiri."

Nyawira aliacha kijiko. "Muchiri huyu mchoma nyama?"

"Ni huyo. Ndiye alimfuata hapa mpaka akaomba kazi ya kuchoma, ndio awe karibu. Wacera alikufa na homa ya mapafu, ni kitambo. Halafu nyumba yao ikaungua, kila kitu ikaisha, hata picha za harusi. Hiyo ya ukuta ndiyo ilibaki."

Nje, muziki wa duka la simu ulikuwa ukigonga madirisha. Nyawira aligeuza kiti chake taratibu, akamkabili Mwalimu.

"Mwalimu, jana ulikuja kula mbavu."

"Ndiyo."

"Nilipofika, wavu ulikuwa mtupu. Mbavu ziko wapi?"

Mwalimu aliitazama supu yake.

"Mwalimu."

"Nilibeba."

"Ulibeba?"

"Kwa kiondo. Nilikuwa nimelipa, Nyawira. Ilikuwa kwa ubao kando ya jiko, imefunikwa na sinia, bado moto. Niliita polisi kwanza, nikawangoja, sikukimbia. Lakini nikaona mkija mtaichukua ikaozee ofisini kwenu. Ni dhambi hiyo."

Mama Phyllis aliufunika mdomo kwa aproni, mabega yakimtetemeka. Nyawira naye ilibidi aume midomo.

"Na ukaila."

"Na bibi yangu. Mimi sikuwa na hamu, lakini yeye alisema imeiva vizuri sana. Nje kavu, ndani maji yake iko. Hata mahali penye mafuta haikuungua."

Kicheko kilimwisha Nyawira hapo hapo.

Kilo mbili za mbavu juu ya moto wa polepole hutaka saa moja na nusu, na kila baada ya muda mfupi zigeuzwe. Theuri aliziweka muda mfupi baada ya saa tano. Saa tano na dakika thelathini na tano alikuwa amekufa. Kama hakukuwa na mtu, Mwalimu angekuta mkaa. Basi mtu alisimama kando ya maiti karibu saa nzima, akigeuza nyama. Awil hakuwa mtu huyo, kwa kuwa redio ilikuwa bado kwenye vifo pikapu yake ilipotoka.

"Theuri alijua kuchoma?" aliuliza.

"Theuri?" Mama Phyllis alisema. "Huyo angeunguza hata chai."

"Mwalimu, umekula nyama hapa miaka mingapi?"

"Thelathini na zaidi."

"Mkono wa jana ulikuwa wa nani?"

"Wa Muchiri," Mwalimu alijibu papo hapo, kwa fahari ya mtu anayejua jibu. Kisha akaelewa alichosema, akalisukuma bakuli mbali.

Simu ya Nyawira ililia. Alikuwa Daktari Murugi, mpasuaji maiti.

"Viganjani, ndani ya rangi, kuna nyuzi za pamba," daktari alisema. "Nyeupe. Marehemu alimshika mtu nguo rangi ikiwa mbichi, na akashika kwa nguvu."

Shati la Awil lilikuwa la kahawia, na halikuwa na tone la rangi.

Kwa ushahidi huo Nyawira angeweza kutuma gari Skuta. Hakutaka. Alitaka mzee yule aseme mwenyewe, na si kwa sababu ya sheria tu. Alimwomba Mama Phyllis jiko la uani, akanunua kilo moja ya mbavu, akampigia Muchiri simu aje wazungumze kidogo kuhusu marehemu.

Alifika saa kumi. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, msafi, amevaa koti jeupe la kazi lenye vifungo vyote. Watu wa Taa Tatu hawakuwahi kumwona bila koti lile. Alisalimia, akaketi kwenye kigoda. Nyawira aliweka mbavu juu ya moto mkali mno, akaketi mbali nazo. Koplo Munene alisimama karibu na mlango.

"Mzee Muchiri, Theuri alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa kijana mzuri tu. Ako na haraka, lakini si mbaya."

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Si nilikuambia. Nyumbani."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Mafuta yalidondoka kwenye makaa, moto ukaruka. Muchiri alitupa jicho, akalirudisha.

"Ulijua anapaka ukuta?"

"Nilisikia baadaye."

Moshi ulianza kuwa mweusi. Nyawira hakujisumbua. Aliuliza habari za shamba, za magoti, za mvua. Muchiri alijibu, lakini vidole vyake vilikuwa vikijikunja na kujikunjua juu ya goti. Alisogea kwenye kigoda.

"Msichana wangu, hiyo nyama," alisema hatimaye.

"Acha tu. Nani alikuona Skuta?"

"Inaungua."

"Nimeuliza nani alikuona."

Muchiri alisimama. Alifika jikoni kwa hatua mbili, akageuza mbavu zote kwa mkono mtupu, akasukuma makaa pembeni kwa chuma, akanyunyiza maji ya chumvi yaliyokuwa kwenye kikombe. "Unachoma nyama ama unaiadhibu?" alisema kwa hasira ya kweli.

"Jumatano pia hukuweza kuiacha," Nyawira alisema.

Mkono wa Muchiri ulibaki hewani. Nyawira alimkaribia, akaishika kola ya koti lake taratibu. Upande wa kushoto, kuanzia kola hadi kifuani, kitambaa kilikuwa kigumu kama karatasi. Nyeupe juu ya nyeupe, jicho lisingeona, lakini kidole kilijua.

"Ulifua, lakini rangi ikikauka haitoki, mzee. Ungeweza kulichoma moto."

"Ningevaa nini?" Muchiri aliuliza, na hakuwa akifanya mzaha.

Nyawira alimweleza haki zake, kwamba anaweza kunyamaza na kwamba atakalosema litaandikwa. Mzee alitikisa kichwa. Aliketi tena kwenye kigoda, akasema yote bila kuulizwa tena.

"Nilikuwa nimesahau miwani. Nikaja na mlango wa nyuma. Ndio nikaelewa kwa nini aliniambia nikae nyumbani. Hakutaka nione. Nikamkuta amefika shingoni. Uso imeisha. Nikamwambia, Theuri, wacha, tafadhali, hata nibomolee hiyo kipande ya ukuta niende nayo. Akaniambia, 'Mzee, hiyo ni rangi tu. Huyo mama alikufa zamani.'"

Muchiri aliyatazama makaa. Koplo Munene aliacha kuandika.

"Mimi nimeanza kusahau sura ya Wacera. Hiyo ndiyo sikuwahi kuambia mtu. Nikiwa nyumbani nikifunga macho, haji. Kila asubuhi nikiwasha moto nilikuwa naangalia ukuta, nakumbuka, naendelea na kazi. Sasa kesho nitaangalia nini? Nikamsukuma. Akanishika koti, nikasukuma tena. Akaanguka na kichwa. Hakusema kitu."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nilitaka. Ngai, Mungu wangu, nilitaka. Nikasikia mafuta ikidondoka. Hiyo ilikuwa chakula ya mtu, Nyawira, nyama haikuwa na makosa. Nikasema nigeuze mara moja ndio niite. Nikageuza. Halafu tena. Mkono ulikuwa unaenda, na nilikuwa naona nikiacha kugeuza, hapo ndipo Theuri atakuwa amekufa kweli. Ilipoiva nikafunika. Nikaogopa. Nikaenda."

"Na Awil?"

Hapo Muchiri aliinamisha kichwa.

"Nilisikia leo asubuhi. Nikasema wataona hana kitu, watamwachilia."

"Kesho alikuwa anapelekwa kortini. Na kesho binti yake anaolewa."

"Najua," Muchiri alisema. "Nimealikwa."

Nyawira alimhurumia mzee huyo kwa moyo wote kuhusu ukuta, na kwa neno hilo moja alimkasirikia vilevile. Alimfunga pingu yeye mwenyewe. Mbavu zilibaki jikoni, Mama Phyllis akaziondoa huku akilia.

Makaratasi hayana haraka ya harusi. Ilifika Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi kabla mwendesha mashtaka hajatia sahihi ya kumwachilia Awil. Alirudishiwa mshipi, saa na simu. Kaka yake alikuwa nje na gari, injini inanguruma, kanzu mpya imetundikwa dirishani.

Kwenye ukumbi wa kituo walikutana uso kwa uso. Muchiri alikuwa akitolewa kwenda kortini, kati ya Nyawira na Koplo Munene. Bila koti lake jeupe alionekana mdogo zaidi.

"Awil," alisema. "Nisamehe."

Awil alisimama. Hakupaza sauti.

"Ulijua ni leo?"

"Nilijua."

"Usiku ulilala?"

"Sikulala."

"Hata mimi." Awil alifunga mshipi wake, tundu la kwanza akalikosa, akajaribu tena. "Theuri ulimsukuma na hasira. Hiyo naelewa, hasira ni ya kila mtu, hata mimi nilimtukana. Lakini mimi uliniacha ndani ukiwa umetulia. Ukiwa umekaa kwako. Si ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Basi usiniombe leo. Leo namtoa msichana wangu, na sitaki kuingia pale nikiwa na wewe ndani ya roho. Jumatatu nitakuja huko watakuweka. Utaniomba tena, na mimi nitakuambia ile jibu nitakuwa nayo."

Akatoka. Mlango wa gari ulifungwa, na gari likaondoka kuelekea barabara ya Nanyuki.

Muchiri alibaki ameutazama mlango mtupu.

"Atakuja?" aliuliza.

Nyawira hakujua, na alimwambia hivyo.